Simon Stevin (1548–1620) na Majina ya Maumbo ya Jiometri katika Kiholanzi

1.0 Utangulizi

Wanaistilahi wanapojadili namna ya kupata majina ya dhana za kitaalamu, mjadala mara nyingi huishia kwenye njia: tukope, tutafsiri, tuambatanishe maneno, au tulipe neno la zamani maana mpya. Swali linaloulizwa kwa nadra ni hili: jina likishapatikana, ni kitu gani hulifanya liishi? Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kufuata maisha ya mtu mmoja, Simon Stevin, mwanahisabati na mhandisi wa Nchi za Chini. Wanafizikia humkumbuka kwa sababu ya mizani na maji, na watu wa hesabu humkumbuka kwa sababu ya desimali. Sisi wa isimu hatumtaji sana, na hilo ni kosa letu.

Tumemchagua kwa sababu moja. Majina aliyoyatumia kwa maumbo ya jiometri yalipata hatima mbili tofauti. Yako ambayo hadi leo hutamkwa na kila mtoto wa shule anayesoma kwa Kiholanzi, na yako ambayo yalikufa, hata mtaalamu wa Kiholanzi huyakuta tu katika vitabu vya kale. Mwandishi ni yule yule, lugha ni ile ile, na vitabu ni vile vile. Kwa hiyo tofauti haina budi kutafutwa mahali pengine.

2.0 Kutoka Bruges hadi Leiden

Stevin alizaliwa mwaka 1548 mjini Bruges, katika Flanders, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Baba yake, Anthonis Stevin, na mama yake, Cathelyne van der Poort, hawakuwa wameoana. Katika ujana wake alitunza hesabu za wafanyabiashara huko Antwerp, akasafiri hadi Poland, Prussia na Norway, na mwaka 1577 alikuwa karani katika ofisi ya fedha ya eneo la Bruges. Kazi hizi si za kupitwa haraka. Kabla hajawa mwanazuoni, Stevin aliishi miaka mingi miongoni mwa watu waliopima, waliopanga bei, waliokata vitambaa na kujaza mapipa, na watu hao walikuwa na maneno yao.

Mwaka 1581 alihamia Leiden, upande wa kaskazini. Nchi za Chini zilikuwa katika vita dhidi ya mfalme wa Hispania, vita vilivyoanza mwaka 1568 na ambavyo havikumalizika hadi 1648, na watu wengi wa kusini walikuwa wakikimbilia kaskazini. Leiden ilikuwa na chuo kikuu kichanga, kilichoanzishwa mwaka 1575. Stevin alijiandikisha huko mwaka 1583, akiwa na umri wa takriban miaka 35. Wale tunaofundisha wanafunzi watu wazima tunaifahamu hali hiyo: mwanafunzi wa namna hii huja na maswali yasiyokuwamo katika muhtasari wa somo.

Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1582, kilikuwa majedwali ya riba, na alikiandika kwa Kiholanzi. Majedwali kama hayo yalikuwa yakifichwa na wenye mabenki kama siri ya biashara, naye akayatoa hadharani. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha matatizo ya jiometri, na hicho alikiandika kwa Kilatini. Mwaka 1585 alitoa kijitabu chake mashuhuri juu ya sehemu za kumi, yaani desimali, kwa Kiholanzi, na kitabu kikubwa cha hesabu kwa Kifaransa. Tunamwona basi mtu aliyezimudu lugha tatu za maandishi, ambaye hakulazimishwa na upungufu wowote wa elimu kuifuata lugha ya nyumbani. Alipoichagua, aliichagua akijua anachokiacha.

3.0 Majina ya Wayunani yalitoka wapi?

Ili kuelewa alichokifanya Stevin baadaye, inafaa kwanza tuyatazame majina aliyoyakuta. Msomi wa Ulaya wa karne ya 16 aliyapokea majina ya maumbo kutoka kwa Wayunani, hasa kutoka kwa Euclid, kwa kupitia Kilatini. Na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilikuwa imepita kwanza mikononi mwa Waarabu. Kufikia wakati huo majina hayo yalikuwa yamezungukwa na heshima kubwa. Mtu aliyesema silinda kwa Kilatini alionekana amesema jambo la kitaalamu, na aliyesema gogo alionekana amesema jambo la shambani.

Hata hivyo, Wayunani wenyewe walipoyatumia majina hayo walikuwa wakitumia maneno ya nyumbani na ya karakana. Silinda ilikuwa gogo la kuviringisha. Mchemraba waliuita kwa jina la dadu. Tufe waliliita mpira. Koni lilikuwa tunda la msonobari, na pia chezo la kuzungusha. Prisma ni kitu kilichokatwa kwa msumeno. Trapeza ni meza, na umbo la trapeza ni kijimeza. Jina la rombasi lilitokana na kifaa kilichozungushwa kwa kamba hadi kikavuma. Hata kitovu cha duara kilipata jina lake kutokana na ncha ya fimbo ya kuswagia ng'ombe, kwa sababu mguu wa bikari huchoma mahali pale kama ncha hiyo. Utaalamu wa maneno haya haukuwamo katika asili yake. Ulitokana na fasili ambazo wanajiometri waliyafunga nazo.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na orodha hiyo. Sisi nasi tumeiita koni pia, na kila aliyekulia Pwani anajua kuwa pia ni chezo la watoto kabla ya kuwa umbo la hisabati. Tumesema tufe, mche, na kipenyo, ambacho ni kile kinachopenya duara kutoka upande hadi upande. Pembe ilikuwa ya mnyama kabla ya kuwa ya pembetatu. Sambamba na majina hayo tunayo mraba, mstatili na duara, yaliyotujia kutoka Kiarabu, nayo yamekwisha kuwa yetu.

Stevin hakuwa wa kwanza kutambua jambo hili katika Ulaya. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, aliandika mwaka 1525 kitabu cha upimaji kwa Kijerumani, na ndani yake duaradufu aliiita mstari wa yai. Huko Uingereza daktari Robert Recorde alijaribu mwaka 1551 kuipa jiometri majina ya Kiingereza cha kawaida: mistari sambamba akaiita mistari pacha, na tanjenti akaiita mstari wa kugusa. Recorde alifia gerezani mwaka 1558, na karibu majina yake yote ya maumbo yakafa, Waingereza wakarudi kwenye Kiyunani na Kilatini. Mfano wa Recorde ni muhimu kwa hoja yetu, kwani majina yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa wazi, mafupi, na ya kupendeza.

4.0 Vitabu vya mwaka 1586

Mwaka 1586 Stevin alichapisha mjini Leiden, katika kiwanda cha chapa cha Plantin, vitabu juu ya sanaa ya kupima uzito na juu ya uzito wa maji. Ndani yake mna uthibitisho wake maarufu wa mteremko: mkufu wa tufe 14 zilizo sawa, umevikwa juu ya pembetatu, nao hausogei, kwa kuwa kama ungesogea ungesogea milele. Aliupenda mchoro huo hata akaufanya nembo yake. Humo pia ameeleza jinsi yeye na rafiki yake Jan Cornets de Groot walivyoangusha huko Delft vipande viwili vya risasi, kimoja kizito mara kumi ya kingine, vikafika chini pamoja. Jaribio hili lilichapishwa miaka mingi kabla ya maandishi makuu ya Galileo.

Lakini kilichotangulia vitabu hivyo ni hotuba ya maandishi juu ya thamani ya lugha ya Kiholanzi, na hapa ndipo mwanaisimu anapotakiwa kusoma kwa makini. Stevin alidai kwamba lugha inayofaa sayansi kuliko nyingine ni ile yenye maneno mengi ya silabi moja, kwa kuwa maneno mafupi huambatanishwa kwa urahisi kupata majina ya dhana mpya. Akakaa akahesabu. Kwa Kiholanzi alipata vitenzi zaidi ya 700 vya silabi moja katika nafsi ya kwanza. Kwa Kilatini hakufikisha hata 10. Aliorodhesha pia nomino na vivumishi, kurasa baada ya kurasa, kwa subira ya mtunza hesabu aliyokuwa amejifunza Antwerp.

Kama hoja ya kisayansi, hii haisimami. Idadi ya silabi haisemi lolote juu ya uwezo wa lugha, na kwa kipimo hicho Kiswahili, chenye mizizi inayovishwa viambishi mbele na nyuma, kingetupwa nje ya mlango. Aidha, Stevin aliamini, kama alivyoamini Goropius Becanus wa Antwerp kabla yake, kwamba Kiholanzi kilikuwa lugha ya kale mno, mabaki ya enzi fulani ya hekima ambapo wanadamu walijua karibu kila kitu. Huo ni uzushi, na hatuna sababu ya kumfichia. Kila jamii inayojitetea kilugha huwa na watu wanaovuka kutoka hoja ya kufaa hadi hoja ya ubora, na kwetu pia wamekuwapo.

Ndani ya hoja hiyo mbovu, hata hivyo, mlikuwa na jambo zima. Stevin aliitambua njia halisi ya lugha yake ya kuzaa maneno, yaani uambatanishaji, akaifuata bila kuona haya. Sayansi yenyewe aliiita wisconst, sanaa ya yaliyo hakika. Jiometri ikawa sanaa ya kupima. Umbo la pembe tatu lilikuwa driehoek, ambalo limeundwa kama pembetatu yetu, isipokuwa kwamba wao hutanguliza idadi. Mistari sambamba ilipewa sifa ya evewydich, iliyo na upana ule ule kila mahali. Tanjenti ikawa raecklijn, mstari unaogusa. Kipenyo kikawa mstari wa katikati. Mchemraba akauita teerlinck, yaani dadu, na hapo alikuwa amefanya kile kile walichofanya Wayunani. Piramidi aliiita sindano. Duaradufu ikawa mviringo mrefu. Parabola ikawa mkato wa kuunguza, kwa sababu kioo chenye umbo hilo hukusanya miali ya jua mahali pamoja. Haipabola ikawa mkato unaokua.

Haifai kudai kwamba aliyabuni yote. Baadhi yalikuwa tayari midomoni mwa mafundi na wapima ardhi, naye aliyaingiza kitabuni na kuyafungia fasili. Vilevile hakumwacha msomaji gizani: pembezoni mwa kurasa aliweka istilahi ya Kilatini au ya Kiyunani, ili aliyesoma kwa lugha hizo apate daraja la kuvukia. Utaratibu huo wa jina jipya ndani na jina la zamani pembeni ni wa busara kubwa, na unastahili kuigwa zaidi kuliko unavyoigwa.

5.0 Mwana wa mfalme na shule ya mwaka 1600

Maurits wa Nassau, mwana wa William wa Orange, alishika uongozi baada ya baba yake kuuawa mwaka 1584, na baadaye akawa kamanda wa majeshi ya Jamhuri. Stevin akawa mwalimu wake wa hisabati na mshauri wake. Maurits alitaka kujua jiometri kwa ajili ya ngome, mizinga na kambi, naye alijifunza kwa Kiholanzi. Masomo aliyoandaliwa yalichapishwa kati ya mwaka 1605 na 1608 kama mkusanyo mkubwa wa vitabu vya hisabati. Kuhusu gari la matanga alilolibuni Stevin, ambalo lilikimbia ufukweni kutoka Scheveningen hadi Petten likiwa limembeba Maurits na wageni wake, akiwamo kijana Hugo Grotius, tunaacha kwa wengine wasimulie. Ndilo lililompa umaarufu mkubwa kwa watu wa kawaida, lakini halituhusu.

Linalotuhusu ni la mwaka 1600. Maurits alihitaji wahandisi, na kwa agizo lake ilianzishwa huko Leiden, pembeni mwa chuo kikuu, shule ya kufundishia uhandisi na upimaji. Stevin ndiye aliyeandika mpango wa masomo. Mpango huo ni waraka mfupi, na kwa maoni yetu ni mmojawapo wa nyaraka muhimu za historia ya sera ya lugha, ingawa haukuandikwa kwa nia hiyo. Masomo yatolewe kwa Kiholanzi. Sababu iliyotolewa haikuwa uzalendo wala ukale wa lugha: watu wanaokwenda kujenga ngome hawazungumzi Kilatini kazini. Mwalimu afundishe nusu saa, kisha nusu saa nyingine ajibu maswali ya wanafunzi. Kipindi cha kiangazi wanafunzi waende jeshini wakaone kazi. Jiometri ifundishwe kwa kiasi kile tu kinachohitajiwa, na mahesabu yatumie desimali.

Stevin mwenyewe hakufundisha hapo. Walimu wa kwanza walikuwa Simon van Merwen na Ludolf van Ceulen, ambaye alikuwa pia mwalimu wa upanga na ambaye aliikokotoa pai hadi tarakimu 35 za desimali. Baadaye walifundisha hapo Frans van Schooten na wanawe wawili. Kwa takriban miaka 80 shule hiyo ilitoa wapima ardhi, wahandisi na wajenzi wa ngome, na kila mmoja aliondoka na majina ya maumbo kichwani, akaenda nayo kwenye mitaro, kwenye mabwawa na katika ofisi za ramani. Mhandisi alipomwambia msimamizi wa vibarua kwamba kingo mbili za mfereji ziwe evewydich, neno lile lilikuwa limefika mahali ambapo kitabu peke yake kisingelifikisha.

Hapa ndipo Recorde na Stevin wanapoachana. Wote wawili waliunda au waliokota majina mazuri. Mmoja aliyaacha kitabuni. Mwingine alikuwa na kamanda aliyeyahitaji, shule iliyoyafundisha, na kazi iliyoyalipa mshahara. Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwa bahati, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Lakini mpango wa masomo haukuandikwa na bahati. Kwa mwalimu wa Tanzania jambo hili halihitaji kuelezwa kwa urefu. Mtoto wa shule ya msingi ya umma huijua pembetatu, hukokotoa eneo la mstatili na mzingo wa duara, kisha akifika sekondari maumbo yale yale humjia kwa majina mengine, na yale ya kwanza hukaa bila kazi. Kasoro haiko katika uundaji wa majina hayo.

6.0 Miaka ya mwisho na hatima ya majina

Uchaguzi wa Stevin ulikuwa na gharama. Wasomi wa nchi nyingine hawakusoma Kiholanzi. Mkusanyo wake ulipotoka ilibidi utolewe pia kwa Kilatini, kazi iliyofanywa na kijana Willebrord Snellius, na sehemu yake kwa Kifaransa. Mwaka 1634, miaka mingi baada ya kifo chake, kazi zake zilichapishwa kwa Kifaransa katika toleo lililoandaliwa na Albert Girard, na wengi wa Ulaya walimjua kwa njia hiyo. Mambo kadhaa aliyoyatangulia yalihesabiwa kuwa ya wengine. Anayedai kwamba kuandika kwa lugha ya nyumbani hakumpunguzii msomi chochote hajayasoma maisha haya vizuri.

Kufikia mwaka 1604 Stevin alikuwa amepewa wadhifa katika jeshi, wa kupanga kambi. Alioa akiwa na umri mkubwa, mke wake akiwa Catharina Cray wa Leiden, wakapata watoto wanne. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1620. Mwanawe Hendrick alikusanya karatasi zilizobaki na kuzichapisha baadaye. Mwaka 1846 mji wa Bruges, alikozaliwa, ulimsimamishia sanamu katika uwanja wenye jina lake.

Majina nayo yalikwenda kila moja njia yake. Wisconst na sanaa ya kupima zilibadilishwa sehemu ya pili tu, zikawa wiskunde na meetkunde, na hivyo ndivyo zinavyoitwa hadi leo. Katika Ulaya Magharibi lugha ambazo haziiti hisabati kwa jina la Kiyunani ni chache sana. Evenwijdig, raaklijn na middellijn yamedumu. Driehoek haina mpinzani. Dadu, kwa upande mwingine, iliondolewa na kubus, na sindano ikaondolewa na piramide. Mviringo mrefu, mkato wa kuunguza na mkato unaokua, vyote vilitoweka mbele ya majina ya Kiyunani.

Kwa nini haya na si yale? Uzuri si sababu, kwa maana mkato wa kuunguza ni jina bora kuliko parabola kwa yeyote anayetaka kulielewa umbo. Urefu nao si sababu. Sisi tunaona kwamba yaliyodumu ni yale ya mistari na maumbo ambayo mpima ardhi na mjenzi wa ngome waliyahitaji kila siku. Mikato ya koni haikuwahi kushuka hadi kwenye mtaro. Ilibaki kwa wanajiometri wakubwa, nao waliandikiana kwa Kilatini hata walipokuwa Waholanzi. Frans van Schooten mwana, aliyefundisha wapima ardhi kwa Kiholanzi, alipoandika juu ya mikato hiyo alitumia Kilatini. Kwa dadu na sindano maelezo haya hayatoshi, maana mhandisi alivijua vyote viwili. Huenda maana ya nyumbani ilikuwa na nguvu mno, fasili ikashindwa kuifunga.

Matokeo ni kwamba leo, katika somo moja la shule ya Uholanzi, mwanafunzi huweza kuambiwa achore raaklijn ya parabool. Neno la kwanza ni la Stevin. La pili ni lile alilokuwa ameliweka pembezoni.